Maradhi Yasiyo na Kwao

Makongeni ni mtaa wa reli. Uko mashariki ya Nairobi, baina ya Jogoo Road, ambayo zamani ikiitwa Doonholm Road, na eneo la viwanda. Jirani zake ni Kaloleni, Mbotela na Landi Mawe, na jina lake lenyewe, katika sikio la Mswahili, lina makonge ndani yake. Njia ya chuma ilipofika Nairobi mwaka 1899, wenye reli walihitaji mikono ya kutia makaa, kukaza mataruma na kufua mabehewa. Na kwa kuwa mikono haiji bila ya miili, wala miili haikai bila ya paa, zikajengwa landi katika zama za ukoloni, safu kwa safu, zenye vyumba vidogo ambavyo kila kimoja kilitarajiwa kumtosha mfanyakazi mmoja na kikaishia kumtosha yeye, mkewe, watoto wake, na mpwa aliyetoka bara kutafuta kazi. Maji yalichotwa kwenye bomba la jamii, na ndani ya chumba kikombe kimoja kilizunguka vinywa vyote vya nyumba, na mama akaonja uji kwa ulimi wake kabla hajamlisha mwanawe kwa kijiko kile kile.

Namtaka msomaji akiweke kikombe hicho kando ya fikira zake, maana tutakirudia. Habari ninayoikusudia ni ya maradhi ambayo kwa miaka mia moja yalihesabiwa kuwa ya watu wa nchi za baridi, yasiyo na njia ya kuingia katika chumba cha Makongeni, na ambayo sababu zake, zilipoanza kufichuka, zilionekana kuwa zimepitia karibu sana na mlango wa chumba hicho.

Maradhi yenyewe matabibu huyaita multipo sklerosisi, na kwa ufupi MS, tafsiri yake ikiwa makovu mengi yaliyokazana. Mtu, aghalabu mwanamke wa umri baina ya miaka 20 na 40, huamka asubuhi jicho moja limeingia ukungu na kuuma likigeuzwa. Au mguu umekufa ganzi. Au hatua zinayumba kama za mlevi ilhali hakuonja kitu. Majuma yakipita, hali hutengenea yenyewe, na mgonjwa hushukuru akidhani yamekwisha. Kumbe mwakani, au baada ya miaka mitatu, adui yule yule hurudi kwa sura nyingine, akaingia mkononi, au kibofuni, au katika kinywa na kuufanya ulimi mzito. Ugonjwa unaokuja na kuondoka namna hii haukosi kupewa tafsiri. Wengine husema ni jini, wengine husema ni mkono wa mtu, wengine kiharusi, na wengine husema mwanamke huyu ni mvivu anayejisingizia ili asifanye kazi za nyumba. Na kila tafsiri hupata mashahidi wake siku mgonjwa anapopona kwa muda baada ya kuzinguliwa, kwa kuwa ni tabia ya maradhi haya kumpa sifa ya uganga mtu yeyote aliyekuwa karibu wakati yalipokuwa yakiondoka yenyewe.

Asiyejua mishipa ya fahamu na aufikiri ule waya wa simu ulioandamana na reli tangu Mombasa, ukipeleka habari kutoka stesheni hata stesheni. Ubongo nao una nyaya zake, zikiteremka kwa uti wa mgongo hata ncha za vidole, na nyingi kati yake zimevikwa ala ya mafuta iitwayo mayelini, ambayo huzuia habari isipotee njiani na kuifanya ikimbie kwa kasi. Katika maradhi haya, askari wa mwili wenyewe, waliowekwa kupigana na vijidudu, huigeukia ala hiyo wakaichana, na pale walipoichana hubaki kovu. Habari inayopita hapo hupungua mwendo, au hufika imeharibika, au haifiki. Kwa hiyo swali la sababu za MS, tangu liulizwe, ni swali moja tu: ni nani aliyewaambia askari kwamba mwenye nyumba ni mwizi?

Waliotangulia hawakulijua swali kwa sura hiyo. Augustus d'Este, mjukuu wa Mfalme George III wa Uingereza, aliandika katika shajara yake kwamba mwaka 1822, mara baada ya kumzika mtu aliyempenda, macho yake yaliingia kiwi hata akashindwa kusoma barua. Akaendelea kuandika kwa zaidi ya miaka 20, kadiri miguu ilivyomtoka na nguvu zilivyompotea, akafa mwaka 1848 bila ya tabibu yeyote kumpa jina la kilichomwua. Katika miaka iyo hiyo Jean Cruveilhier wa Ufaransa na Robert Carswell wa Uingereza walikuwa wakichora mabaka waliyoyaona katika uti wa mgongo wa maiti, wasijue ni maradhi gani. Ndipo mwaka 1868 Jean-Martin Charcot, katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, alipoyaunganisha mabaka ya maiti na dalili za walio hai, akayapa maradhi jina. Lakini alipoulizwa sababu, mwalimu huyo mkubwa hakuwa na zaidi ya huzuni ya muda mrefu, masikitiko, baridi na unyevu. Jambo ambalo, ukilitazama kwa insafu, halikumweka mbali sana na bibi wa Makongeni anayesema binti kapatwa kwa sababu ya majonzi na upepo mbaya.

Karne ya 20 ilipoingia, matabibu waliacha kuuliza mgonjwa alihuzunikia nini, wakaanza kuuliza anakaa wapi. Ilidhihirika kwamba maradhi haya yaliongezeka kadiri mtu alivyokwenda mbali na ikweta: Scotland, Skandinavia na kaskazini ya Marekani yalijaa tele, nchi za joto yakawa haba. John Kurtzke, Mmarekani aliyeishi akihesabu wagonjwa hawa, aliigawanya dunia katika kanda za wingi, za wastani na za uchache. Akaenda mpaka visiwa vya Faroe, ambako alidai kwamba maradhi hayakuonekana kwa wenyeji ila baada ya askari wa Uingereza kutua huko mwaka 1940, kana kwamba yalishuka pamoja na mizigo yao. Dai hilo limebishaniwa hata leo, walakini liliacha fikira isiyofutika: kwamba huenda maradhi yana mbegu, na mbegu huchukulika.

Katika bara letu aliyeifuata fikira hiyo kwa subira kuliko wengine ni Geoffrey Dean, tabibu wa Afrika Kusini, ambaye tangu mwaka 1949 alikuwa akiandika kwamba Wazungu waliohamia huko kutoka Ulaya walipatwa zaidi kuliko Wazungu waliozaliwa huko huko, na kwamba kwa Waafrika hakumwona mgonjwa. Mwaka 1971 yeye na Kurtzke wakaongeza jambo la ajabu: aliyehama Ulaya akiwa mtu mzima alikuja na hatari ya kwao, bali aliyehama akiwa mtoto, kabla ya umri wa kadiri ya miaka 15, aliivaa hali ya nchi aliyoijia. Hatari haikuwa katika damu peke yake, basi. Palikuwa na jambo linalotendeka utotoni, na jambo hilo halikutendeka mahali pote kwa namna moja. Baadaye Dean na wenziwe walitazama upande wa pili wa bahari: watoto waliozaliwa Uingereza na wazazi waliotoka Bara Hindi, Afrika na visiwa vya Karibi. Taarifa yao ya mwaka 1990 ilionyesha kwamba watoto hao walikuwa wakipatwa kwa kadiri iliyokaribiana na ya Waingereza wenyewe, ilhali wazazi wao walisalimika. Ngozi ilikuwa ile ile ya baba na mama. Utoto ndio uliobadilika.

Hapa hadithi inatuacha Ulaya na kupanda gari moshi la Uganda, lililofika Kampala mwaka 1931. Katika hospitali ya Mulago alikuwako daktari wa upasuaji, Denis Burkitt, Mwairishi mwenye jicho moja, ambaye mwaka 1957 aliitwa na mwenziwe Hugh Trowell amtazame mtoto aliyevimba mataya yote, juu na chini, kulia na kushoto. Haukupita muda akamwona wa pili huko Jinja. Burkitt hakuwa mwanachuoni wa maabara. Alikuwa mtu wa kuuliza. Mwaka 1961 yeye na rafiki zake wawili walipanda gari kuukuu la Ford lililonunuliwa kwa pauni 250, wakaenda maili 10,000 kutoka Kampala hadi kusini ya bara, wakiingia katika hospitali 57 kuuliza ni wapi uvimbe huo unaonekana na ni wapi hauonekani. Jibu lilichora ukanda uliofuata joto na mvua, yaani ukanda wa malaria: pembezoni mwa ziwa huko Kisumu watoto walipatwa, bali katika miinuko ya Kenya, Nairobi ikiwamo, uvimbe haukuzuka kwa wenyeji. Mpwa aliyetoka Nyanza akashukia kwenye landi za reli alikuwa, bila ya kujua, amevuka mpaka wa ramani ya Burkitt.

Mwezi wa Machi mwaka ule ule wa 1961, Burkitt alihutubia katika hospitali ya Middlesex mjini London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwa mtafiti Anthony Epstein, aliyetoka hapo akiwa na yakini kwamba nyuma ya uvimbe huo pana virusi. Vipande vya nyama za watoto wa Kampala vikawa vikipelekwa kwake kwa ndege, na kwa zaidi ya miaka miwili hakuona kitu. Mwezi wa Desemba 1963, ndege iliyochukua kipande kimoja ilizuiwa na ukungu isitue London, ikatua Manchester. Kichupa kilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyooza, na mtu mwingine angaliyamwaga. Epstein akayatia chini ya hadubini, akakuta uchafu ule ni chembe hai zinazoelea. Kutokana na chembe hizo yeye, Yvonne Barr na Bert Achong waliviona virusi mapema mwaka 1964, na mwezi wa Machi habari zikatangazwa. Vikaitwa virusi vya Epstein-Barr. Mtoto ambaye mwili wake ulivitoa hakupewa nafasi katika jina hilo.

Ilipokuja mwaka 1968, Werner na Gertrude Henle huko Philadelphia waligundua, kwa kuugua mfanyakazi wa maabara yao, kwamba virusi hivyo hivyo ndivyo viletavyo homa ya tezi, ile homa ya vijana wa Ulaya na Marekani wanaovimba shingo na kulala hoi kwa majuma. Kisha watafiti waliofuata waliona kwamba kijana aliyepata kuugua homa ya tezi alikuwa na hatari ya MS kadiri ya mara mbili kuliko asiyeugua. Uthibitisho wenye nguvu ulichelewa hata mwaka 2022, Kjetil Bjornevik na Alberto Ascherio wa Chuo Kikuu cha Harvard walipotangaza matokeo ya kuichungua damu iliyohifadhiwa ya askari wa Marekani, zaidi ya watu milioni 10, wakafuatilia 955 waliopatwa na MS wakiwa kazini. Waliokuwa hawana virusi hapo mwanzo, kisha vikawaingia, hatari yao ilipanda mara 32. Na virusi vingine vinavyoambukiza kwa mate kama hivi havikufanya hivyo. Mwaka ule ule watafiti wa Stanford walionyesha kwamba kipande kimoja cha virusi hivyo kinafanana na protini iliyomo katika ubongo, hata kingamwili inayokamata kimoja huweza kukamata na cha pili. Ndilo jibu, au sehemu ya jibu, la swali letu la askari: mwizi alivaa kanzu ya mwenye nyumba.

Sasa kirudie kile kikombe. Virusi vya Epstein-Barr huenda kwa mate. Mtoto wa chumba kimoja, anayenywea kikombe cha ndugu zake na kulishwa kwa kijiko kilichopita ulimi wa mama, huvipata angali mdogo sana, aghalabu kabla ya miaka mitatu, wakati ambapo mwili huvipokea kimya kimya bila ya homa yenye kukumbukwa. Mtoto wa nyumba kubwa ya Ulaya, mwenye chumba chake na kikombe chake, husalimika navyo mpaka ujanani, vikamwingia siku kinga yake imekwisha kukomaa na kuwa na hasira ya mtu mzima. Virusi ni vile vile: katika nchi ya malaria vikatoa uvimbe wa taya, katika vijana wa Ulaya vikatoa homa ya tezi, na kwa wachache wao, baada ya miaka, vikatoa makovu ya ubongo. Hivyo msongamano uliowaletea watoto wa landi kifua kikuu na kuhara, na ambao hakuna mwenye akili atakayeusifu, huenda kwa jambo hili moja uliwakinga.

Walakini zaidi ya watu tisa katika kila kumi duniani wamebeba virusi hivi, na wagonjwa wa MS wanaohesabiwa duniani kote ni kadiri ya milioni 2.9 tu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Virusi hufungua mlango, na wengine ndio waingiao. Wa kwanza ni urithi: tangu mwaka 1972 yajulikana kwamba jeni zinazopanga kinga ya mwili zina mkono katika maradhi haya, na leo zaidi ya 200 zimetajwa, hata hivyo, katika pacha wanaofanana kwa kila kitu, mmoja akipatwa, wa pili hupatwa kwa takriban mara moja katika nne, na hesabu hiyo yatosha kuonyesha kwamba urithi huelekeza bila ya kuhukumu. Mwaka 2024 watafiti waliosoma mifupa ya kale walieleza kwamba jeni nyingi za hatari hii ziliingia Ulaya ya kaskazini kadiri ya miaka 5,000 iliyopita pamoja na wafugaji wa nyika za mashariki, ambao yamkini ziliwafaa kupigana na maradhi ya mifugo yao. Kilichomkinga babu zizini kikamgeukia mjukuu asiye na zizi.

Wa pili ni jua, ambalo huipa ngozi vitamini D. Mwaka 2006 ilionekana katika askari wa Marekani kwamba Wazungu waliokuwa na vitamini hiyo tele walipatwa na MS kwa uchache. Na katika Ghuba, kama vile Kuwait, ambako jua ni kali lakini maisha ya watu yamehamia ndani ya nyumba na magari, maradhi yameongezeka. Kukaa chini ya ikweta hakumfaidii mtu asiyetoka nje, hasa mwenye ngozi nyeusi, ambayo huhitaji jua zaidi ili ifanye kazi ile ile. Wa tatu ni tumbaku. Wa nne ni unene wa kupita kiasi katika ujana. Tena Waswidi wametaja kazi za zamu za usiku kabla ya miaka 20, na mvuke wa dawa za kuyeyushia rangi kwa mwenye jeni za hatari aliye mvutaji. Mambo ambayo mkazi wa Makongeni, anayevuka reli kila jioni kuingia viwandani, hahitaji kuelezwa yakoje. Juu ya hayo yote pana siri ya wanawake, wanaopatwa mara mbili hata tatu kuliko wanaume, na tofauti hiyo ilizidi kupanuka katika karne ya 20, muda mfupi mno kwa damu kubadilika, mrefu wa kutosha kwa maisha.

Hapa pana swali lenye haya ndani yake: je, tulisalimika kweli, au hatukutazamwa? Kwa miongo mingi tabibu aliyekuwa amefundishwa kwamba Mwafrika hapatwi na MS, alipomwona Mwafrika mwenye jicho la ukungu na mguu wa ganzi, alitafuta kaswende, kifua kikuu cha mgongo, au utapiamlo, na alipokosa vyote akaandika kwamba sababu haijulikani. Kisha yule aliyekuja nyuma yake akasoma daftari lile na kukuta, kama alivyofundishwa, kwamba maradhi hayamo. Kuyathibitisha kunataka mtaalamu wa neva, na mashine ya MRI inayopiga picha ndani ya fuvu. Na Kenya imeishi miaka mingi na wataalamu hao wachache na mashine hizo chache. Hata hivyo ukimya ulianza kuvunjika: mwaka 1989 jarida la East African Medical Journal lilichapa makala juu ya maradhi haya nchini Kenya. Marekani nayo ina funzo lake, ambako mwaka 1979 Kurtzke alihesabu kwamba askari weusi walipatwa nusu ya weupe, lakini hesabu ya mwaka 2013 huko kusini mwa California ikawakuta wanawake weusi wakipatwa kuliko wanawake weupe. Pengine maisha yalibadilika, na pengine macho yalifunguka; yakini ni kwamba daftari la zamani halikuwa hukumu ya milele. Usilolijua ni usiku wa giza, na katika usiku huo nchi tupu na nchi iliyojaa watu huonekana sawasawa.

Makongeni ya leo si ile ya makaa na honi za usiku. Reli iligawanyika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, waliokaza mataruma walistaafu, na kandokando ya mitaa ya zamani ya Eastlands yamepanda magorofa ambamo mtoto huweza kukua na kitanda chake, bilauri yake, na jua la kupimiwa kwenye dirisha. Sisemi kwamba mambo hayo ni mabaya. Nani angependa mwanawe arudi kwenye bomba la jamii na kifua kikuu? Nasema tu kwamba ngao ile ya kikombe, kama kweli ilikuwa ngao, haikujengwa na mtu na haitalindwa na mtu, na kizazi kitakachokua bila yake hakitakuwa na haki ya kusema kwamba maradhi haya si ya kwao.

Basi binti wa Makongeni akiamka jicho moja limeingia ukungu, na baada ya majuma mawili ukungu ukaondoka, asiruhusiwe kusahau wala asitafutiwe aliyemroga, bali apelekwe kwa tabibu angali mzima, siku ile ambayo watu wa nyumbani wanasema amekwisha kupona. Kwa maana dawa zilizopo leo huyachelewesha makovu yajayo, wala haziyafuti yaliyokwisha kuandikwa. Na tabibu naye, kabla hajasema kwamba ugonjwa huu si wa watu wa huku, na akumbuke kwamba ufunguo wake ulitoka Kampala, katika kichupa cha maji machafu, na kwamba aliyeuona ni yule aliyekubali kutazama.